Uzi Usiotengenezwa Tena

Mzee Spana alikuwa amechoka hata kukasirika, na kwa mtu kama yeye huko ndiko kuchoka kwelikweli. Duka la kwanza walimwambia uzi anaoutafuta haupo. La pili walimwambia haupo, wakacheka. Katika duka la mwisho, mwenye duka, mama mnene aliyevaa miwani kwenye ncha ya pua, alipokea ule utepe wa karatasi uliokuwa umezungushwa kwenye donge la uzi. Aliusoma, akamrudishia taratibu, kama anayerudisha picha ya marehemu.

"Huu walishaacha kuutengeneza, baba."

"Nani aliacha?"

"Si kiwanda."

"Kiwanda ni mabati tu, mama. Mabati hayaachi kitu. Wakubwa ndio walioacha."

"Haya, wakubwa. Chukua huu wa siku hizi. Namba ni ileile, rangi ni ileile. Ukigombana na mimi uzi hautarefuka."

Akauchukua. Angefanya nini?

Jina la Spana alilipata kiwandani hukohuko, kwenye mashine za kusokota uzi. Alizifungua na kuzifunga nati zake ujana wake wote, mpaka siku wakubwa walipokuja na tai shingoni wakasema uzi mwembamba hauna faida. Mashine zikang'olewa, naye akang'olewa. Nyumbani mkewe alibaki na madonge machache ya uzi ule, akayatunza kama dawa. Binti yao alipoolewa, mama akayatoa, akaanza kufuma shali ya mjukuu ambaye hata mimba yake ilikuwa bado. Alifuata mfano wa zamani alioachiwa na mama yake, karatasi iliyokunjwa mpaka mikunjo ikatoboka. Alifuma maua ya katikati, akayaunganisha yote. Kabla hajaanza pindo, nalo la maua, uzi ukaisha. Yeye naye hakukaa sana.

Sasa mjukuu alikuwa amezaliwa, na Jumamosi binti anahama na mumewe kwenda mbali, kule ambako mtu akienda harudi kwa kupenda. Mzee Spana hakuwa na dhahabu wala shamba la kumpa mtoto. Alikuwa na shali isiyo na pindo. Kama Jumamosi ingefika shali iko vile, basi mtoto angekua bila kufunikwa hata mara moja na mkono wa bibi yake.

Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alikuja na kroshia yake, ile sindano yenye ndoano mwishoni. Akaukanda uzi mpya kwa vidole, akakunja uso.

"Mnene huu. Ngoja nifume kwanza kipande kidogo cha kujaribia. Nikikiosha nikakinyoosha, nitajua pa kushika."

"Namba ni ileile."

"Namba iko kwenye karatasi, shemeji. Vidole vyangu havikwenda shule."

"Vyangu navyo viliishia madarasa ya chini, lakini najua saba ni saba. Mfano unasema kila ua majani saba. Dada yako alikuwa akifuata neno kwa neno. Fuma saba. Hatuna siku za majaribio, wewe unataka tumfunike mtoto kwa mazungumzo?"

"Marehemu alivumilia mengi," shemeji alisema, akaanza.

Alifuma siku hiyo na iliyofuata, na pindo lilipokamilika upande mmoja walilitandaza mezani. Halikulala. Lilijikunja na kusimama kama jani la kabichi. Mzee Spana alilikandamiza kwa kiganja, likatulia. Alipoondoa kiganja, likainuka tena.

"Likipigwa pasi?"

"Ukilipiga pasi litakuwa kabichi iliyopigwa pasi."

Mzee akakata kipande cha uzi, akakisokotoa kwa kidole gumba, ili atoe mshipa mmoja ubaki mwembamba. Ukakatika. Akajaribu tena, ukakatika. Pamba fupi fupi, imebandikwa mng'aro juu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hawa hawakusubiri hata kusifiwa.

"Wametuharibia kila kitu," alisema, akakaa. "Wakati wetu uzi ulikuwa uzi. Ule tuliosokota sisi ndio ule ule wa zamani, wa kwenye mfano. Meneja mwenyewe alituambia."

Shemeji alikuwa ameanza kufumua pindo, ameinamia maua ya katikati, na ghafla mkono wake ukasimama.

"Shemeji, hebu hesabu hapa."

Akahesabu majani ya ua moja. Sita. Akahesabu la pembeni yake. Sita.

"Alikosea?"

"Maua yote? Dada yangu?" Shemeji alivuta pumzi. "Uzi wenu nao ulikuwa mnene, shemeji. Mama alifumia mwembamba zaidi, wa enzi zake, nao ulishaacha kutengenezwa. Dada aliona majani saba yanajikunja, akapunguza."

"Mbona hakuniambia?"

"Ulikuwa ukirudi na donge mfukoni, unaliweka mezani kama umemletea mwezi. Angekwambiaje?"

Mzee Spana alitaka kumlaani meneja, na maneno yalikuwepo, ameyazoea. Lakini yalimshinda uzito. Miaka yote ile wakubwa walimdanganya yeye, yeye akaubeba uongo mpaka nyumbani, na mkewe akaurekebisha kwa kroshia bila kelele. Akajipangusa macho kwa mkono wa shati, akasingizia vumbi la pamba.

"Basi pindo nalo lipunguze."

"Kwa uzi huu sijui hata majani sita kama yatakubali. Huenda matano."

"Yeye alijuaje?"

"Alifuma kidogo, akaweka mezani, akatazama. Akafumua, akafuma tena."

"Jumamosi ni keshokutwa."

"Najua ni keshokutwa."

Shemeji akafuma kipande kidogo cha pembeni, majani matano. Mzee Spana akasogeza vikombe, akaifuta meza kwa kiganja, akavuta kiti chake karibu.

"Weka," akasema. "Tutazame."