Chai ya Elis Prydderch

Jumanne moja alasiri, Marged Prydderch alikuwa akipiga pasi mashuka jikoni kwake, kijijini Bryn Eithin, mumewe alipoingia kwa mlango wa nyuma, akafuta buti kwenye gunia na kuketi karibu na moto. Elis alikuwa na miezi kumi na mmoja tangu azikwe nyuma ya kanisa. Marged alimwambia afunge mlango, upepo unatimua majivu. Akaufunga.

Alikuwa amekonda vilevile kama siku aliyokufa, na kikohozi chake kilikuwa kilekile, kama mnyororo unaokokotwa kwenye changarawe. Marged alimaliza shuka la mwisho, ndipo akamuuliza anataka nini.

"Chai," Elis alisema. "Nzito. Ile uliyokuwa ukininyima."

Maneno hayo yalimchoma, kwa sababu yalikuwa ya kweli. Elis alipasua mawe ya vigae vya paa machimboni kwa miaka thelathini na mmoja. Alipoanza kukohoa, daktari wa machimbo alimwita Marged akamweleza kwamba vumbi la jiwe halidhuru mtu, tena huimarisha kifua. Kinachowaua wanaume wa bonde hili ni chai inayoachwa ikichemka tangu asubuhi. Daktari alikuwa msomi. Marged akalificha kopo la chai ndani ya pipa la unga, na kwa miaka mitatu akampa mumewe maji ya moto yenye maziwa. Elis aliomba, akabembeleza, siku moja akalia. Akafa bila kuionja.

Sasa Marged hakuona tena cha kuogopa. Alitia majani vijiko vinne, akaacha birika motoni mpaka chai ikawa nyeusi, akammiminia. Elis alimaliza kikombe kizima, akakohoa kwenye leso, na leso ikajaa vumbi la kijivu, laini kama unga, la kutosha kujaza kiganja. Akavuta pumzi.

"Afadhali," alisema, akaomba kingine.

Akawa anakuja kila Jumanne. Marged alimkatia mkate wa zabibu kavu, akaupaka siagi, wakazungumza habari za kijiji: mchungaji mpya hajui kumaliza mahubiri, ukuta wa Huw Pant umebomoka tena na kondoo wake wako kwenye kabichi za watu. Vumbi alilizoa na kulitia ndooni.

Leusa, mama wa posta, alipoleta barua alimkuta Elis mezani. Alimsalimu, akamuuliza kama ni kweli makaburini kunavuja. Elis alisema kunavuja, ila majirani ni wazuri.

"Una bahati, Marged," Leusa alisema. "Wako kaja kunywa chai. Wangu akija, atakuja kuuliza kofia yake iko wapi."

Wiki iliyofuata marehemu mume wa Leusa alikuja, akauliza kofia yake iko wapi, kisha naye akanywa chai. Kufikia vuli waume tisa walikuwa wakiteremka kutoka makaburini kila Jumanne, na duka likawa linaagiza chai mara mbili kwa mwezi.

Ndoo ilipojaa, Marged aliibeba Jumanne moja mpaka ofisi ya machimbo na kuiweka mbele ya daktari. Daktari alichovya kidole, akanusa, akaandika kwa Kiingereza. Karani, Gwilym, mtoto wa dada mdogo wa Marged, ambaye baba yake alikuwa mmoja wa wale tisa, alimsomea kwa lugha yao bila kuinua macho: makapi makavu ya majani ya chai.

"Baba yako yuko kwenu saa hizi anayakohoa hayo makapi," Marged alimwambia.

"Najua, Mama Mkubwa. Nimemwacha huko. Mimi nasoma tu kilichoandikwa."

Marged alirudi na ndoo yake. Elis alipokuja, alimweleza yote, na Elis akacheka mpaka vumbi likamtoka puani. Marged hakucheka. Aliketi mkabala naye na kumwambia kile alichokuwa nacho moyoni tangu siku ile ya kwanza.

"Laiti ningekupa hata kikombe kimoja, Elis. Kimoja tu."

Elis alisogeza sahani ya mkate upande wake. "Ungenipa, wangesema wewe ndiye uliyeniua. Kula, umekonda."

Kufikia Krismasi vifua vya wale tisa vilikuwa safi, wakarudi kwenye kwaya, upande wa sauti nzito, ambao ulikuwa umebaki na watu wawili. Kanisa lilijaa mpaka madirishani. Daktari alialikwa, akaketi safu ya mbele na mkewe. Baada ya ubeti wa kwanza aliinuka, kwa kuwa alikuwa ameguswa, akasema hajapata kusikia mapafu yenye afya namna hiyo, na kwamba hivyo ndivyo vumbi la jiwe linavyomjenga mtu. Mchungaji alitafsiri.

Mwongoza kwaya aliinua mkono kwa ajili ya ubeti wa pili. Waimbaji walio hai walikuwa bado wanakohoa, na wafu wakawasubiri.