Kidole cha Mkulima

Mashine ilikataa kidole gumba. Ikakataa cha shahada, cha kati, na hata kile kidogo ambacho kazi yake kubwa duniani ni kukunia sikio. Karani wa kata akaufuta mkono wa Mama Tingatinga kwa kitambaa chake mwenyewe, akaubonyeza tena kwenye kioo. Taa nyekundu ikawaka mara ya tisa. Foleni nyuma yake ikaguna.

"Mama, huna alama," karani akasema. "Vidole vimesuguika vyote."

"Vimesuguliwa na jembe, mwanangu. Si ruzuku ya wakulima hii?"

Karani hakuwa mtu mbaya. Alimweleza kwamba mfumo haumjui mtu kwa jembe, unamjua kwa kidole. Bila kidole hakuna vocha, na bila vocha mifuko yake miwili ya mbolea itabaki ghalani. Akamshauri akae wiki mbili bila kugusa jembe wala majivu, ajipake mafuta asubuhi na jioni, ngozi itarudi, kisha aje ajaribu tena. Halafu akamwita anayefuata: mwenyekiti wa kamati ya pembejeo, mwenye duka, ambaye shamba lake watu walilisikia tu. Chake kilikubaliwa mara moja. Kwa nini kisikubaliwe? Mkono ule haujawahi kushika kitu kigumu kuliko droo ya duka.

Jina la Tingatinga hakupewa bure. Umande ukikauka, yeye keshamaliza matuta kumi. Sasa mvua ya kupandia ilianza siku ya tatu, naye yuko kizingitini, vidole vinateleza mafuta. Akasimama. Akakaa. Akazunguka nyumba, akarudi, akalitazama jembe kama aliyefunga anavyotazama chungu. Ekari yake moja ilikuwa imechoka. Mwaka jana, bila mbolea, ilitoa magunia mawili, na yalipokwisha wajukuu zake walikula kwa zamu, leo huyu, kesho yule. Kupanda vilevile ilikuwa kuirudia njaa ileile. Hilo alilijua vizuri, na bado mikono ilimwasha.

Wifi yake, jirani wa mpakani, alikuwa akipita na jembe begani akimtania kwamba bibi harusi leo naye hatoki nje. Siku ya nane hakutania tena. Alimwambia mvua haimngoji karani.

"Nikilima siku moja tu, vidole vimekwisha," Mama Tingatinga akajibu. "Si wewe uliyesema subira yavuta heri? Haya, yangu imevuta magugu."

Wifi akaingia kumlimia. Mgongo wake ulimaliza matuta manne, ukagoma. Mama Tingatinga alisimama pembeni akimtazama analima vibaya, na hilo lilimuuma kuliko yote.

Siku ya kumi na mbili alikuja bwana shamba kwa pikipiki, kishikwambi mkononi. Ametumwa kuhakiki orodha, alisema. Serikali imechoka na wakulima hewa. Akayapiga picha magugu yaliyofika magotini, na yale matuta manne.

Mama Tingatinga akamweleza yote: karani, mashine, mafuta, wiki mbili. Akamwonyesha viganja. Bwana shamba alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nakuelewa, mama yangu. Lakini fomu inauliza limelimwa au halijalimwa. Hakuna pa kuandika maelezo."

"Na la mwenyekiti umeliona?"

"La mwenyekiti lilihakikiwa ofisini."

Akabonyeza. Akamwambia jina lake limefutwa kwenye orodha msimu huu, ajiandikishe upya mwakani. Kisha akamgeuzia kishikwambi ili athibitishe kwamba shamba lake limekaguliwa.

"Nathibitishaje?"

"Kidole tu, mama."

Alijua anachotia sahihi. Lakini kwa siku kumi na mbili hakuwa na swali kichwani ila kama kidole kitakubaliwa, na mkono ukaitangulia akili. Akaweka kidole gumba.

Taa ya kijani ikawaka papo hapo.