Kilojuli kwenye Kopo Jipya

Tangu mkewe apasuliwe koo kwa ajili ya saratani, fundi umeme ndiye aliyekuwa akimlisha, kwa mpira mwembamba uliopita puani. Mtaalamu wa lishe alikuwa amemwambia mgonjwa apate kilokalori elfu moja na mia tano kwa siku. Basi fundi akawa anasoma kopo la unga wa lishe, anapiga hesabu ya vijiko, anakoroga na kumimina taratibu.

Unga ule ulipoadimika madukani, shemeji yake alileta kopo la aina nyingine. Fundi akatazama tarakimu kubwa ya nishati kwa kila kijiko, akacheka.

"Huu mkali, shemeji! Vijiko vichache tu, kazi imekwisha."

Mke akaanza kupungua. Mashavu yakabonyea, pete ikawa inateleza kidoleni, akawa anaomba blanketi mchana wa jua kali. Fundi hakuthubutu kutamka alichokifikiria, kwamba ugonjwa umerudi. Siku alipombeba kumpeleka bafuni, akamwona mwepesi kama mtoto.

"Baba watoto," mke alinong'ona, "mbona una uso wa msibani?"

"Usingizi tu, mama."

Asubuhi moja fundi alimwita mkewe, hakufumbua macho. Kifua kilipanda na kushuka, lakini kwa shida. Fundi akalivamia kopo, na hapo ndipo alipoziona herufi ndogo pembeni ya tarakimu: kJ.

Kilojuli! Kipimo alichokijua tangu chuo cha ufundi, cha kukokotolea nishati ya pasi na majiko. Kilokalori moja ni kilojuli nne na kidogo. Mkewe alikuwa akipata robo ya chakula, tena haifiki, na aliyekuwa akimpunja ni yeye.

Alikoroga unga mwingi, akaunganisha mpira, akampigia simu mtaalamu wa lishe.

"Dada, nimemshindisha njaa mke wangu! Kopo ni la kilojuli, mimi nilihesabu kilokalori. Sasa namjazia sawasawa."

"Acha!" mtaalamu wa lishe alipiga kelele. "Umeshamimina?"

"Ndiyo kwanza uji unashuka."

"Bana mpira! Mwili uliokaa na njaa ukishindiliwa chakula ghafla, moyo unaweza kusimama. Mlete hospitali sasa hivi!"

Fundi aliubana mpira mpaka vidole vikafa ganzi. Uji ulikuwa umesimama sentimita chache kutoka puani. Ndani ya teksi alitega sikio mdomoni mwa mkewe njia nzima, na kila pumzi ilipochelewa, yake nayo ilikata.

Hospitalini walipima damu, wakakuta madini yameshuka vibaya. Wakaanza kumlisha kidogokidogo, wakiongeza kila kukicha, fundi kajikunyata kitini, akishtuka kila mashine ilipolia.

Mke alipopata nguvu ya kukaa, aliuliza, "Ugonjwa umerudi, sio?"

"Haujarudi. Ni mimi, mama watoto. Nilikosea vipimo."

Mke alimtazama. Kisha mabega yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka bila sauti.

"Afadhali wewe," akanong'ona.

Fundi hakuweza kucheka. Alimshika mkono, akatafuta mapigo kwa kidole gumba.