Behewa la Akiteng

Siku ile mjinga alikuwa Okiria, na mwenyewe hakatai. Alivaa viatu vyeupe kwenda kijiji cha Moding wakati wa mvua, halafu akamdai mjane Akiteng pesa za kukodi behewa. Bili hiyo bado iko wazi mpaka leo.

Okiria ni karani wa hesabu katika kampuni moja ya reli pale Malaba, mpakani mwa nchi mbili. Tangu reli ya pamoja ilipogawanywa, behewa la upande mmoja likilala upande mwingine hulipiwa kodi. Lakini pesa hazivuki mpaka ovyo. Mwisho wa mwezi makarani wa pande zote hukaa, hunywa chai, hukata deni hili kwa lile, na aliyezidiwa hulipa tofauti tu.

Machi iliyopita, Odeke, mume wa Akiteng na kibarua wa kampuni hiyo, alibanwa hadi kufa na behewa la upande wa pili, lililosahaulika miaka mingi nyuma ya stesheni, siku walipotaka kulirudisha. Upande huu ulidai fidia ya Odeke. Upande wa pili ukadai kodi ya behewa. Hesabu zikalingana, chai ikaisha, Akiteng hakupata hata senti.

Jioni baada ya matanga, behewa lilitoka stesheni, likapita kando ya foleni ya malori, likafika Moding bila reli. Lilisimama pale Odeke alipokuwa akiegemeza baiskeli. Majirani walisaidia kuhamisha kamba ya nguo. Kuku wakaanza kutaga chini yake. Likikohoa usiku, Akiteng hutoka akalifunika blanketi, ingawa linatosha kona moja tu.

Okiria alimkuta akilipangusa matope.

"Mama, kila siku hili linapolala hapa, kodi inapanda."

"Nani alikwambia nimelikodi?"

"Hujalikodi. Lakini stesheni halipo. Liko kwako."

"Na fidia ya Odeke?"

"Ilishalipwa, mama. Kwa hesabu."

"Ililipwa na nini?"

Okiria alilionyesha behewa kwa kidole. "Na hili. Kwa hesabu zetu, Odeke na hili behewa ni kitu kimoja."

Akiteng alikamua kitambaa, maji yakaangukia viatu vyeupe.

"Sawa, boss. Sasa nionyeshe mke mmoja hapa Moding anayelipa kodi bwanake akilala nyumbani."