Miji Aliyoitoa Mize

Mize hakukusudia kulala, na hata leo ukimuuliza atakwambia sikulala, nilifumba macho tu. Haya, tumkubalie. Amekaa chini ya kibanda cha makuti kwenye ulimi wa mchanga, huko Pemba, kaskazi inaishia ishia, jua la saa sita limesimama juu ya paa, maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mpevu, yanajaa, na mbele yake ndege wa pwani wamesukumwa na maji mpaka wamebanana kwenye kipande kimoja cha mchanga kama watu wa karamu waliotandikiwa mkeka mdogo. Wapo sululu wenye midomo mirefu iliyopinda, wapo vitwitwi wadogo wasiojua kutulia, na wote wamenenepa, vifua vyao vimeanza kupiga wekundu, maana wiki hii au ijayo wataondoka kwenda kaskazini, nchi za baridi, wakatage. Kazi ya Mize ni kuwaangalia na kuandika daftarini siku wanayoondoka. Watu wa mazingira walimpa darubini ya bomba mbili kwa kazi hiyo, ni mwaka wa nne sasa, naye anaivaa shingoni asubuhi hadi jioni wala hamwachii mtu kuishika. Na hapo kwenye hamwachii mtu ndipo penye kidonda chake.

Kidonda chenyewe kina jina, kinaitwa Bi Chumu. Huyu alikuwa mama wa mumewe. Mume, Faki, alikwenda Tanga kutafuta maisha, akayapata, pamoja na mke mwingine, akaleta talaka kwa barua. Mize akafunga mzigo wake. Bi Chumu akaufungua. Akasema, aliyekuacha ni mwanangu, mimi sijakuacha, nenda katie mchele maji. Wakakaa hivyo miaka kumi na tisa, mkwe na mke wa kuachwa, watu wakasema weee mpaka wakachoka, na ni Bi Chumu aliyemfundisha Mize kuwajua ndege kwa mwendo wao kabla darubini haijaletwa kisiwani. Basi mwaka jana, siku kama hizi, kizee kalala barazani, miguu haimchukui tena, akasema, mwanangu, hebu niazime na mimi hiyo miwani yako niwaone wanavyoondoka. Na Mize, huku anayakimbilia maji, akajibu, kesho mama, leo sina nafasi. Hakumuaga wala hakumpa mkono. Ndege wakaondoka siku ile ile, na Bi Chumu naye akaondoka alasiri, na Mize aliporudi alikuta watu wamejaa uani. Mwaka mzima ana jambo moja kooni: hakuomba radhi, hakusema ahsante. Kwetu radhi ya mzazi si kitu cha kuchezea, na Bi Chumu alikuwa mzazi zaidi ya mzazi.

Sasa, kichwa kinamwinama, kinainuka, kinamwinama tena, na sululu mmoja aliye karibu anageuza shingo taratibu, anamtazama, na anasema, kitendawili. Mize, bila kufikiri, kama mtoto yeyote aliyelelewa na watu, anajibu, tega. Na ukishajibu tega huna tena pa kutokea. Mchanga unarefuka. Ulimi wa mchanga uliokuwa unaishia pale pale sasa hauishii, umekuwa barabara nyeupe yenye maji kidogo juu yake, inakwenda, inapinda, inarudi pale ilipoanzia na bado inakwenda, na Mize anatembea juu yake peku, na sululu hayupo, aliyepo ni mtu mrefu mwembamba aliyejifunika shuka ya kahawia, na chini ya shuka pale penye uso hapana uso, pamelainika tu kama kitako cha chungu. Usinikodolee macho, anasema yule mtu, mimi ni mwenyeji wa njia. Unakwenda wapi, bibiye? Mize anasema, namtafuta Bi Chumu wa kijijini kwetu, Mkadini. Yule mtu anasema, Mkadini ipo mbele, lakini njia hii hailipwi kwa nauli, inalipwa kwa majibu, nawe umeshasema tega. Kisha anatega: anaandika mchana kutwa, hajui kusoma, na mwalimu wake humfutia mara mbili kwa siku. Mize ana haraka. Anaiona njia inavyorefuka kila anaposimama, anasema, ni karani, hapana, ni mwanafunzi, hapana, sijui, niache nipite. Hujui? Hujui. Basi nipe mji.

Nawe msomaji unaijua sheria, umeicheza ukiwa na meno ya utoto: ukishindwa, unatoa mji, aliyetega anautawala, kisha ndiyo anakupa jibu. Mize anasema kwa wepesi, nimekupa Wete. Kama alivyozoea kuigawa Wete utotoni, na jioni ikawa palepale ilipokuwa. Lakini hapa anainamisha kichwa na kuona, chini ya maji ya barabara, Wete yote imekaa kichwa chini miguu juu, nyumba zake, soko lake, watu wake wanaotembea unyayo kwa unyayo na unyayo wake yeye, na mara mji mzima unajipindua kama mkate kikaangoni, mabati yanapiga mbawa, na Wete inaruka, inapanga mstari angani, inaelekea kaskazini. Ahsante, nimeipokea, anasema mwenyeji wa njia. Jibu ni kitwitwi. Anaandika kwa miguu mchangani, na mwalimu ni maji. Loo! Mize anajipiga paja. Nilikuwa nakijua! Ulikuwa unakijua, anasema yule mtu, ila ulikuwa na haraka. Na wanatembea. Na hapo Mize anagundua kwamba kilichokwenda si mji peke yake, kwa sababu anajua ana kanga nyekundu iliyoandikwa kaa kwangu usihesabu siku, aliyonunuliwa Wete wiki ile ile ya talaka, anaiona rangi yake, anayaona maandishi yake, lakini aliyemnunulia hamwoni, mahali pake pana mtu mwenye uso wa kitako cha chungu. Anasema, nirudishie Wete yangu. Mwenyeji wa njia anasema, kitendawili.

Tega, anasema Mize, safari hii kwa sauti ndogo. Naingia kwa milango miwili, nakutana na mwenyewe chumba kimoja. Mize anasimama kabisa, hana haraka tena, anafikiri mpaka jasho linamtoka, anatazama mbele, anatazama nyuma, anatazama juu kwenye ndege wanaopita na miji midogo miguuni, anatazama kila mahali isipokuwa kifuani pake mwenyewe, kisha anasema, ni pua! Pua, anasema yule mtu bila kucheka, pua hiyo hiyo imekukosesha mji wa pili. Ni darubini. Na kweli imemning'inia kifuani, nzito, mwaka mzima hajapenda kuifikiria zaidi ya kuitumia. Inabidi atoe. Anatoa Chake Chake, kwa uchungu, na anaiona chini ya miguu yake ikijipindua, na hospitali ikiondoka nayo, hospitali aliyolazwa siku tisa kwa homa, na mtu aliyekaa siku hizo zote chini ya kitanda chake juu ya kipande cha mkeka, akimlisha uji kwa kijiko, akiimba kwa sauti mbaya, yule mtu naye anafutika uso, sauti yake mbaya inakwenda kaskazini. Mize analia. Analia kama mtoto, kwa makamasi, na anasema, ewe usiye na uso, mimi nimekuja kumshukuru mtu, na wewe unaniibia yale ya kumshukuria. Mwenyeji wa njia anasema, siibi, unatoa mwenyewe. Twende, tumefika.

Na wamefika kweli. Mbele yao ni Mkadini, kijiji chake, na chini ya maji ni Mkadini nyingine imeikanyaga ya kwanza nyayo kwa nyayo, nyumba juu na nyumba chini, mfenesi juu na mfenesi chini, baraza juu na baraza chini, na kwenye baraza zote mbili kitanda cha kamba, na vitanda vyote viwili ni vitupu. Mize anataka kukimbia, mkono mrefu wa kahawia unamzuia mlangoni. Kimoja cha mwisho, anasema mwenyeji wa njia. Mize anasema, ndugu yangu, sina mji mwingine. Unao mmoja, anajibiwa. Ndipo anapofahamu kwamba akikosa safari hii Mkadini itaruka, na baraza, na kitanda, na jiko lile aliloambiwa akatie mchele maji, na Bi Chumu hatakuwa amekufa tu, atakuwa hakuwahi kuwapo. Anakaa chini mchangani. Anafuta pua kwa ncha ya kanga. Anasema, tega, lakini polepole, nakuomba. Na sauti inayotega ni ya polepole, na ina kikohozi kidogo katikati, kama mtu aliyemeza tambuu vibaya: alikula kwangu, akanenepa kwangu, akavaa kwangu, akaondoka bila kuniaga, na mimi niko radhi.

Jibu liko ulimini mwake. Ni ndege, nani asiyejua, ni sululu, anakula kwenye mchanga wetu miezi yote ya kaskazi, ananenepa, anavaa manyoya mapya ya safari, na siku ya siku anainuka na kwenda zake bila hata kugeuza shingo. Mdomo umeshafunguka kulisema. Lakini kile kikohozi. Kile kikohozi amekisikia miaka kumi na tisa, nyuma ya ukuta wa udongo, alfajiri kabla ya adhana, na hakuna mji uliokwenda nacho. Mize anaufunga mdomo, anaufungua tena, anasema, ni mimi. Maji yanasikika yakipanda. Anasema tena, ni mimi, mama. Nilikula kwako, nikanenepa kwako, nikavaa kwako, nikaondoka bila kukuaga. Na sululu je? inauliza sauti. Na sululu pia, anasema Mize. Basi umepata mara mbili, sina mji wa kukudai. Na pale penye kitako cha chungu panatokeza jicho, kisha la pili, kisha pengo la jino la mbele, kisha Bi Chumu mzima, mfupi kama alivyokuwa, amesimama kwa miguu yake mwenyewe, shuka ya kahawia inaburuta chini.

Mize anamwangukia miguuni, anasema, mama, nipe radhi yako, mwaka mzima silali kwa ajili ya radhi yako. Bi Chumu anasema, wewe mtoto una masikio au una mapambo? Nimekutegea kitendawili kizima, neno la mwisho hukulisikia? Na Mize analirudia moyoni tangu mwanzo, alikula, akanenepa, akavaa, akaondoka, na mimi niko radhi, na mimi niko radhi, na kifua kinamwachia, kitu kilichokuwa kooni tangu mwaka jana kinashuka kama donge la ugali lililopata maji. Ahsante, mama, anasema. Ahsante kwa kufungua mzigo wangu. Ahsante kwa kanga, ahsante kwa uji, na anaposema kanga anauona tena mkono ulioilipia, na anaposema uji anaisikia tena ile sauti mbaya, kwa sababu kule angani Wete inarudi, Chake inarudi, zinatua moja moja mahali pake, na Bi Chumu anasema, ichukue miji yako, mimi kikongwe nitatawala wapi. Na kushukuru umeshukuru, basi, usinitie aibu mbele ya ndege. Sasa lete hiyo miwani. Kesho yako imekuwa ndefu kuliko Ramadhani.

Mize anaivua shingoni, anampa kwa mikono miwili. Bi Chumu anaibandika machoni, anaitoa, anaibandika tena, analalamika, macho ya miwani hii yamekaa mbali mbali kama ya kaa! Anazikamata zile bomba mbili, anazisukuma zikaribiane, kwa nguvu, zinalia kwiii, mpaka zinatosha uso wake mdogo. Haya, anasema, na anatulia. Na ndege wote wanainuka kwa pamoja, wa juu na wa chini ya maji, mlio wao unajaa nchi nzima, na Bi Chumu anazunguka nao polepole, mdomo wazi, pengo nje, anasema, yallah, kumbe mashavu yao yana mistari, Mize, kumbe wana kope! Mize hatazami ndege hata mmoja. Anamtazama anayetazama, mpaka maji yanamgusa kidole cha mguu, baridi.

Ni maji kweli. Yamefika kibandani, daftari linataka kuelea, jua limehama kidogo tu, na mchanga mbele yake ni mtupu, nyayo za vitwitwi zimejaa tele na maji yanazifuta. Mize anaruka wima, anatafuta juu, na huko juu, mbali, anausikia mlio wa sululu, mstari mmoja mrefu unaelekea kaskazini. Anainyanyua darubini haraka na haoni kitu, anaona vivuli viwili vyeusi visivyokutana. Anaishusha, anaitazama. Zile bomba mbili zimesukumwa zikaribiane mpaka mwisho. Huenda nimeilalia, anasema hivyo mwenyewe, kwa sauti, pale peke yake. Lakini kiungo cha bomba hizo kimeshika kutu ya chumvi, hakigeuki bila mikono miwili na kelele, na yeye mwaka mzima hajakigusa. Anatazama chini kwenye maji yenye kina cha kiganja, kuna mwanamke kichwa chini miguu juu, na kwa dakika hiyo hawezi kuapa ni yupi kati yao aliyekwisha amka. Hairekebishi darubini. Anafumba jicho moja, anawatazama hivyo hivyo kwa bomba moja, anawaona wote, anasema, nendeni salama, ahsanteni. Kisha anaishika kwa mikono miwili, anainyoosha upande wake wa kulia pasipo na mtu, chini kidogo, usawa wa mtu mfupi, na anangoja bila haraka mpaka huyo atosheke kutazama.