Hodi Tatu Kila Mlango

Jumatatu saa tatu asubuhi, karani wa dirisha la tatu katika ofisi ya kugawa nyumba alibonyeza kitufe kimoja, akaenda chooni, akarudi, akamaliza chai yake na nusu ya chai ya mwenzake, na kompyuta ilikuwa bado inafikiri. Foleni ilikuwa imefika barabarani. Wenye uzoefu walikuja na vigoda.

Mkuu wa ofisi akamwita Fundi. Fundi alikuwa mwanamke wa makamo, macho mekundu, mgongo mbovu, na kwake walilala watu tisa katika vyumba viwili. Walikuwa kumi, ila mwezi uliopita shangazi yake alikwenda kufuatilia ombi lake la nyumba, lenye miaka kumi na tisa, asirudi. Nyumbani walisema foleni itakuwa ndefu.

"Una mpaka Ijumaa," Mkuu alisema. "Mashine iende mbio, ama nitafute fundi mwingine."

"Nimesikia, Mkuu."

Fundi akaketi katika chumba cha mitambo, akaandika nywila, akavua viatu, akaingia kwenye kiini cha mfumo. Kiini ndicho kinachogawa kumbukumbu ya mashine: kila programu inayotaka kufanya kazi huja kuomba nafasi, nacho huitafutia. Ndani palikuwa na ukumbi mrefu wenye milango huku na huku, na mzee mmoja, Mgawaji, koti limepigwa pasi, akiitafutia nafasi barua ya ukurasa mmoja.

"Hodi," Mgawaji alisema kwenye mlango wa kwanza. Akangoja. "Hodi." Akangoja. "Hodi."

"Karibu, ila humu tumejaa," sauti ikajibu.

Akashukuru, akasogea mlango wa pili. Fundi alimfuata milango arobaini, mpaka nyayo zikamwaka moto.

"Shikamoo, mzee wangu. Kwa nini usiandike vyumba vitupu kwenye daftari, ukaenda moja kwa moja?"

"Marahaba. Aliyenitengeneza alikuwa mtu wa adabu. Hakunifundisha kuingia nyumba za watu kama kuku."

Na zilikuwa nyumba za watu kweli. Nyuma ya milango walikaa wale walioambiwa dirishani kwamba hakuna nafasi. Kwenye fomu, penye "anwani ya sasa", walikuwa hawana cha kuandika, wakaingia mashineni kupitia nafasi hiyo tupu.

Mlango wa arobaini na moja ulikuwa wa Shangazi. Alikuwa anakunja nguo.

"Umekonda," alisema. "Wale huko hawakubakishii chakula?"

"Shikamoo, Shangazi. Tulijua uko kwenye foleni."

"Marahaba. Niko kwenye foleni. Nimekaa tu."

"Nimetumwa niifanye mashine iwe nyepesi. Njia ya mkato ni kuwatoa wote."

Shangazi akakunja kanga ya mwisho. "Unitoe unipeleke wapi? Kule ulikolala na kidole changu cha mguu puani?"

Fundi akatembea mpaka mwisho wa ukumbi. Huko nusu nzima ya kumbukumbu ilikuwa tupu: vyumba vipana, taa zinawaka, sakafu imepigwa deki. Mlangoni paliandikwa IMETENGWA.

"Ya nani?" akauliza.

"Hawajawahi kuja," Mgawaji alisema. "Lakini hodi napiga."

Fundi akatoka, akamwuliza Mkuu kama anaweza kuifungua sehemu ile.

"Hiyo usiguse. Ni ya wakubwa, kama yale." Mkuu akaelekeza kalamu dirishani, bila kugeuka. Maghorofa sita mapya yalisimama na makufuli yake, kama yalivyosimama mwaka juzi.

Basi Fundi akafanya lililobaki. Siku tatu alizunguka akiomba watu wasogee, familia mbili chumba kimoja, ili nafasi ndogo ndogo zilizotapakaa ziungane. Akamtengenezea Mgawaji daftari: vyumba vitupu huku, vyenye watu kule, jina na namba ya mlango. Hodi akazifuta. Mgawaji alitazama ukuta wakati zinafutwa. Daftari lilikuwa na kosa moja tu, na kwa kosa hilo Mgawaji alimkuta mwalimu mstaafu anaoga. Wote wawili waliombana radhi.

Ijumaa mashine ilijibu kabla karani hajainua kidole. Foleni ilikwisha saa nne. Watu waliozoea kungoja siku nzima ndipo waambiwe hakuna nafasi, sasa waliambiwa papo hapo, wakashukuru, maana jua halijawa kali.

Wiki iliyofuata Mkuu alichapisha daftari la Mgawaji, akaligonga muhuri kila ukurasa. Jina na namba ya mlango, kwa mujibu wa kanuni, ni makazi. Familia mia nne na kumi na mbili zikafutwa kwenye orodha ya wanaongoja, zikaandikwa zimepata nyumba.

Fundi alimpelekea Shangazi karatasi yake. Shangazi aliisoma mara mbili.

"Jina wamelipatia," alisema. "Kwa hiyo foleni ndiyo nimetoka."

"Umetoka, Shangazi."

"Na nyumba ndiyo hii."

"Ndiyo hii."

Shangazi akaikunja karatasi pamoja na nguo, akasogea ukutani ili mke wa seremala, mwenzake wa chumba, apate pa kunyoosha miguu.

Nje, Mkuu alikuwa anangoja na kalamu.

"Hongera. Sasa niambie, wakibanana vizuri, wataingia wengine wangapi?"

Fundi alivaa viatu kwanza. Akahesabu milango kichwani, akaiacha ile iliyotengwa.

"Wakilala ubavu," alisema, "mia mbili."

Mkuu akaandika mia mbili na hamsini.