Kiti cha Mbele Kilipobaki Kitupu

Mama Capitoline alikuwa amezalisha nusu ya Uvira, au ndivyo alivyopenda kusema mwenyewe, na hakuna aliyethubutu kumbishia. Alipostaafu ukunga kule materinite, watoto wake walimwambia, "Mama, sasa pumzika." Akapumzika. Akapanga upya masufuria ya Florentine, mke wa mwanawe, kesho yake akayapanga tena, mpaka Florentine akapiga magoti: "Mama, nakuomba, tafuta hata kazi ya bure!"

Kazi ya bure akaipata kule Nyamianda, kwenye Nyuzi Sita, chama kinachofundisha watoto gitaa bila malipo. Si kwamba alijua muziki. Akiimba yeye, hata kuku wanakimbia. Lakini sauti ya kunyamazisha watu anayo, na chama kilikuwa kinatafuta mtu wa kuandaa matamasha yake. Tangu hapo viti vinafika mapema, na wanakwaya waalikwa wanaojifanya mastaa wanapangwa mstari kama wajawazito wa kliniki ya asubuhi. Alikuwa na raha, jamani. Florentine naye alikuwa na raha.

Kwa tamasha la Jumamosi ile, moyo wake wote ulikuwa kwa Déborah, msichana wa Kiringye, kijiji cha bondeni, aliyekaa kwa shangazi yake mtaani Kilibula ili asome. Gitaa lilikuwa limemkubali. Ila baba yake, Papa Félicien, mkulima wa mpunga, alikuwa ametuma ujumbe kwamba likizo inaanza, anamchukua mtoto, na mambo ya gitaa yaishie hapo. Mama Capitoline akampigia simu, akambembeleza, akamkaripia kidogo. Mwishowe mzee akasema, "Basi, minye nitakuja kusikia mara moja. Kama iko kitu, nitaona. Kama haiko kitu, mutoto anarudi ku mashamba, na musiniite tena."

Akaja kweli, amevaa koti lake la ibada, akakaa karibu na mlango. Gari la Kiringye lilikuwa linaondoka saa kumi, na giza likiingia hakuna anayeitamani barabara ya bonde.

Tamasha lilipangwa saa nane. Saa nane ikapita. Saa tisa nayo ikapita. Mbele kabisa palikuwa na kiti kikubwa chenye kitambaa cheupe, na chupa ya maji pembeni. Kilikuwa cha mgeni wa heshima, Bwana Octave, mkubwa wa ofisi fulani ambayo siitaji, nisije nikaitwa. Na kwetu mnajua: mkubwa hajafika, hakuna kuanza! Watu watajipepea, watoto watalia, lakini maikrofoni haiguswi. Na aliyemwalika huyo mkubwa ni Mama Capitoline mwenyewe, eti tamasha liwe na uzito. Sasa alikuwa anajilaumu.

Papa Félicien akatazama saa yake. Akachukua kofia, akasimama.

Mama Capitoline akamwona. Akamwendea Michée, kiongozi wa chama, aliyekuwa dirishani anachungulia barabara.

"Tunaanza."

"Mama! Bila mugeni? Atasema tumemuzarau!"

"Michée, weye nilikuzalisha. Unafikiri siku ile nilimwambia mama yako abane kwanza, eti daktari mukubwa hajafika?"

Michée akaliacha dirisha.

"Mulete Déborah," Mama Capitoline akasema.

Msichana akakaa kwenye kigoda. Baba yake alikuwa na mguu mmoja tayari nje. Ndipo Déborah akaanza kupiga, taratibu, wimbo ambao marehemu mama yake alikuwa akiuimba wakipanda mpunga. Ule mguu ukarudi ndani. Mzee akakaa, kofia mapajani. Huko nje gari likapiga honi, na yeye akajifanya hasikii.

Katikati ya wimbo, Bwana Octave akaingia na watu wake. Ukumbi ukaanza kuinuka. Mama Capitoline akanyoosha mkono.

"Mukae! Na weye Octave, ungoje hapo hapo."

Octave akangoja, amesimama mlangoni na suti yake, mpaka wimbo ukaisha.

"Mama, unisamehe, nimechelewa."

"Najua. Hata kuzaliwa ulichelewa. Mama yako alikungoja mpaka akachoka."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na Octave mwenyewe akacheka mpaka akafuta macho.

Papa Félicien hakucheka. Alimwendea binti yake, akachukua gitaa, akaligeuza huku na huku kama mtu anayechagua jembe sokoni, akaligonga kwa kidole. Mama Capitoline akamfuata.

"Mama, hii kitu ikinyeshewa inaharibika?"

"Inaharibika, Papa. Mbao zinavimba."

Mzee akafikiri.

"Kwangu kunavuja, upande Déborah analala. Basi mumwache hapa kwa shangazi yake siku kidogo. Minye naanza na bati. Nikimaliza, anakuja nayo nyumbani, tuisikie vizuri."

Mama Capitoline, ambaye materinite nzima haikuwahi kumwona akilia, akageukia ukuta. Nje honi ikalia tena, ndefu, ya hasira. Akatoa kichwa dirishani, machozi mashavuni.

"Dereva! Ungoje! Bado tunaongea mambo ya bati!"